Modeli, muundo au kielelezo?

Swali: Ninaandika tasnifu kuhusu swichi ndogo mno za mawasiliano pasiwaya ya siku zijazo. Msimamizi wangu amefuta kila "muundo wa hisabati" na kuandika "modeli ya kihisabati". Mwenzangu naye anashikilia "kielelezo". Nimfuate nani?

Jibu: Mfuate msimamizi, na si kwa sababu ndiye mwenye kutia saini.

Muundo ni jinsi sehemu za kitu zilivyoungana. Swichi yako ina muundo: kibamba cha metali kimening'inia juu ya elektrodi (kipande cha kupitishia umeme), katikati pana pengo la mikromita chache. Huo utauona kwa hadubini. Modeli hutaiona popote, kwani ni milinganyo. Ndani yake kibamba kimegeuka kamani, yaani springi, pengo limekuwa herufi, na kani ya umemetuli (mvuto wa chaji za umeme zilizotulia) inavutana na kani ya kamani. Katika modeli iliyo sahili kabisa, volteji ikipandishwa polepole hadi kibamba kishuke theluthi moja ya pengo, kamani hushindwa kukizuia nacho hunasa chini ghafla. Sasa jaribu kuandika "muundo unaonesha kwamba muundo utanasa". Muundo upi?

Kielelezo nacho tayari kina kazi: bila shaka tasnifu yako ina "Kielelezo 3" chenye mchoro. Wapo wanaokitumia kwa maana ya modeli, na katika makala isiyo na picha siwapingi.

Kwa nini "ya kihisabati"? Kwa sababu "modeli ya hisabati" yaweza kueleweka kwamba hisabati ndiyo iliyoundiwa modeli. Ki- hapa inataja namna, kama katika "lugha ya kitaalamu". Wingi ni modeli hizi, si "mamodeli". Kitendo ni kuunda modeli. "Kumodeli" nimekisikia, sikio langu bado linakikataa.

Hukuuliza, lakini neno litakalokusumbua zaidi ni "masafa". Lina maana ya umbali, na watu wa redio wanalitumia pia kwa idadi ya mitetemo kwa sekunde. Tena redio ya "masafa mafupi" ndiyo inayosikika mbali, maana kilicho kifupi pale ni wimbi! Tasnifu yako itazungumzia umbali wa mnara na mtetemo wa kibamba pamoja. Andika "umbali" kwa la kwanza, "marudio" kwa la pili, na uyafafanue yote mawili katika sura ya kwanza.