Kwa mhadhiri msaidizi anayejiandaa kuingia ukumbini

Mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanzania haajiriwi kabla hajapitia chuo cha ualimu, akafundishwa kuandaa andalio la somo na akafanya mazoezi ya kufundisha huku akikaguliwa. Mhadhiri wa chuo kikuu huajiriwa kwa nguvu ya ufaulu wake: GPA, yaani wastani wa alama zake za chuo, isiyopungua 3.8 katika shahada ya kwanza na 4.0 katika shahada ya umahiri. Alama hizo zinathibitisha kwamba ulijua kujifunza, lakini hazisemi lolote kuhusu uwezo wako wa kumfundisha mtu asiyejifunza kwa namna uliyojifunza wewe. Kwa hiyo nawasihi, ninyi mnaoanza kazi mwaka huu, mkiitwa kwenye mafunzo ya mbinu za kufundishia msiende kwa ajili ya cheti, kwa kuwa huenda hiyo ndiyo mara ya kwanza mtakayoelezwa kazi yenu yenyewe.

Mafunzo yangu ya kwanza yalichukua siku tatu na yalihusu Moodle, mfumo wa kuendeshea masomo mtandaoni. Tulionyeshwa jinsi ya kufungua ukurasa wa somo, kuingiza majina ya wanafunzi na kupakia mafaili, nami niliporudi ofisini nilipakia slaidi za muhula mzima nikaamini kwamba nimeingia katika ufundishaji wa kisasa. Machi 2020 vyuo vilifungwa kwa sababu ya UVIKO-19, na havikufunguliwa hadi tarehe 1 Juni. Wanafunzi wangu walikuwa wametawanyika, wengine vijijini ambako mtandao haushiki mpaka upande kilimani. Mmoja wao alinipigia simu jioni moja akaniuliza, kwa heshima kabisa: "Mwalimu, slaidi zote nimezisoma. Sasa nifanye nini?" Sikuwa na jibu. Mfumo ule nilikuwa nimeugeuza stoo. Nilijua mahali pa kubonyeza, lakini sikuwahi kujiuliza mwanafunzi akishafungua faili afanye kazi gani kwa akili yake mwenyewe.

Tangu siku hiyo, kila ninapoandaa kipindi huanza na swali la yule kijana, na chombo hukifikiria baadaye. Nafundisha takwimu kwa mwaka wa kwanza, darasa la wanafunzi zaidi ya mia tatu. Ninapofika kwenye wastani, siandiki kanuni kwanza. Nawaambia: ndani ya daladala kuna abiria kumi wenye mishahara inayokaribiana, kisha kituoni anapanda tajiri mmoja mwenye mapato makubwa kuliko yao wote kwa pamoja; wastani wa mapato ndani ya gari utabadilikaje, na namba ya katikati itabadilikaje? Kila mmoja anachagua jibu na kuinua kidole kimoja, viwili au vitatu kifuani, ili jirani asimwone. Mara nyingi wanaokosea ni wengi. Bila kutaja jibu nawapa dakika tatu kila mmoja amshawishi mwenzake, kisha wanachagua tena, na ndipo ninapofundisha. Mbinu hii si yangu. Eric Mazur, profesa wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, alianza kuitumia mwaka 1991 alipogundua kwamba wanafunzi wake walikokotoa vizuri lakini hawakuelewa dhana zenyewe. Yeye na wenzake baadaye walitumia vifaa vya kielektroniki kukusanya majibu. Vidole vinatosha, na havizimiki umeme ukikatika.

Katika dakika hizo tatu utasikia jambo ambalo semina nilizohudhuria hazikuligusa kabisa. Lugha rasmi ya kufundishia chuoni ni Kiingereza, na ukiuliza swali kwa Kiingereza ukumbi mzima hunyamaza. Ukiwaambia wajadiliane na jirani, ukumbi unachangamka kwa Kiswahili. Nimemsikia binti ambaye hakuwahi kunyoosha mkono muhula mzima akimweleza mwenzake: "Huyu tajiri hajaongeza hela mifukoni mwao, ameivuta hesabu tu." Maelezo yangu ya miaka kadhaa hayakuwahi kufika hapo kwa usahihi ule. Msiwakataze. Waacheni waelewe kwa lugha wanayofikiria nayo, kisha wasaidieni kuandika kwa lugha ya mtihani.

Kwa anayetaka ushahidi mpana zaidi, mwaka 2014 yalichapishwa nchini Marekani matokeo ya uchambuzi wa tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati: palipofundishwa kwa mhadhara mtupu wastani wa kufeli ulikuwa asilimia 33.8, na palipokuwa na kazi za kumshirikisha mwanafunzi ulikuwa asilimia 21.8.

Kuhusu teknolojia yenyewe nina machache. Kabla ya kurekodi video ya saa nzima, kumbuka nani analipia bando. Sauti ya dakika kumi pamoja na ukurasa mmoja wa maelezo hupakuliwa kwa urahisi hata kwenye simu ya bei nafuu. Chemsha bongo ya maswali matano kwenye Moodle, inayosahihishwa papo hapo na kumwonyesha mwanafunzi alipokosea, ina faida kuliko slaidi themanini.

Ukirudi kutoka mafunzoni, badilisha kipindi kimoja tu, na ukibadilishe wiki hiyohiyo kabla majukumu hayajakuelemea. Kisha mwombe mwenzako unayemwamini aje aketi nyuma ya ukumbi. Asikutazame wewe, atazame safu tatu za mwisho na kuandika ni dakika ya ngapi wanafunzi walianza kuinamia simu. Mwenzangu alinipa karatasi ya namna hiyo, imeandikwa "dakika ya 14", na mpaka leo nimeibandika ndani ya daftari langu la maandalio.