Kiki moja, milio miwili

Mkuu wa Area C uliyeuliza kwa nini kiki (dramu kubwa ya mguu) ya dramu yako ya umeme inalia mara mbili ukiipiga mara moja, mara nyingi si ubovu wa pedi. Piga polepole ukiitazama nyundo ya pedali. Ikitetemeka pale pale kwenye pedi, kaza springi ya pedali nusu mzunguko wa nati, na usiikandamize baada ya kupiga. Ikirudi nyuma kwa nguvu kisha ikaja tena, legeza.

Bado? Kwenye moduli, yaani kisanduku kinachotoa sauti, ongeza muda wa kupuuza pigo jingine baada ya la kwanza, kwenye za Roland umeandikwa Mask Time, kwa milisekunde chache chache. Usizidishe: kwa tempo 120, mapigo manne ndani ya biti moja yanaachana milisekunde 125, ukikaribia hapo moduli inameza mapigo halali.

Na hivyo vigae vya sakafuni kwako! Tandika zulia zito, pedi na pedali zikae juu yake pamoja.