Jibu: Kwa nini asisubiri akue kwanza?

Pole dada, na hongera kwa kujifungua. Umeuliza kwa nini wanataka kumpasua mwanao, ambaye mishipa mikuu ya moyo imebadilishana nafasi, akiwa bado mchanga hivyo. Kungoja ndiko kutakakomdhoofisha. Kwa hali yake, upande wa kushoto wa moyo unasukuma damu kwenda mapafuni tu, na presha ya huko hushuka baada ya kuzaliwa. Misuli ikikosa kazi nzito hulegea ndani ya wiki chache, halafu baada ya upasuaji ikitwishwa kazi ya kusukuma damu mwili mzima inashindwa.

Dripu uliyoitaja, ya prostaglandini, inazuia mshipa mmoja usijifunge ili damu yenye oksijeni iendelee kuchanganyika na isiyo nayo. Inaweza kumfanya mtoto asite kupumua, ndiyo maana wauguzi hawabanduki pale.

Upasuaji huu ulifanikiwa mara ya kwanza mwaka 1975, Brazili, kwa mikono ya daktari Adib Jatene. Aota, yaani mshipa mkuu unaopeleka damu mwilini, na mshipa wa mapafu hukatwa na kubadilishana nafasi. Ila pagumu hasa ni kuhamisha vile vimishipa vyembamba vinavyoulisha moyo wenyewe. Kikipinda kimoja, moyo unakosa damu. Muulize daktari vya mwanao vimekaaje.