Mwanagenzi akija gereji, nani atamfundisha?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina gereji Tandika, Dar es Salaam, tuko mafundi sita pamoja na mimi. Juzi alikuja mratibu wa chuo cha ufundi akaniomba nipokee vijana wawili wa uanagenzi, wawe wanasoma siku kadhaa chuoni na siku zinazobaki wako kwangu. Wenzangu kila mtu na lake. Mmoja anasema nimepata vibarua wa bure. Mwingine ananionya kwamba hao ni macho ya watu wa kodi. Wa tatu anasema nikishawafundisha watafungua gereji jirani na kuondoka na wateja wangu. Mimi mwenyewe kazi nimejifunzia mtaani, cheti sina. Niwapokee?
Mwenye gereji, Tandika

JIBU: Marahaba, fundi. Wapokee, ila anza na mmoja, na usitie saini popote kabla hujasoma haya.

La kodi nilimalize haraka. Mwajiri mwenye wafanyakazi kumi au zaidi hulipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ile wahasibu wanayoiita SDL. Julai 2023 ilishushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5 ya jumla ya mishahara, na zamani ilifika 6. Inatoka mfukoni kwa mwajiri, mfanyakazi hakatwi. Sehemu ya fedha hiyo ndiyo inayoiendesha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Wewe mwenye mafundi sita hauhusiki nayo. Kwa hiyo viwanda vya Barabara ya Nyerere vimeshachangia, Serikali inachangia, chuo kina walimu. Kinachokosekana ni gari bovu la kweli lenye mwenyewe anayelisubiri, na hilo liko kwako. Mratibu anafuatilia mafunzo. Kodi ina watu wake.

Nimefundisha ufundi magari miaka mingi, najua karakana ya chuo inaishia wapi. Injini iliyofungwa kwenye stendi hufunguliwa na kila darasa linalopita, boliti zimelainika hadi zinatoka kwa vidole. Haina kutu, haina fundi wa kwanza aliyeunga waya ovyo, wala haina mteja anayepiga simu saa kumi kuuliza kama gari lake limekwisha. Kijana anaweza kumaliza mtihani vizuri kabisa, akakutana na Noah iliyokwama Mbagala asijue aanzie wapi.

Sasa hilo la vibarua wa bure. Hapa ndipo mpango huu unapoharibikia, na ndipo ninapokuomba uwe mkali. Chukua kazi ya kutoa upepo kwenye breki. Inahitaji watu wawili: mmoja ndani anakanyaga pedali na kuishikilia, mwingine chini anafungua skrubu, anaangalia mafuta yanavyotoka na mapovu, anafunga kabla mwenzake hajaachia. Nimetembelea wanagenzi waliokaa gereji miezi na miezi wakikanyaga pedali tu. Ukimuuliza kijana mapovu yakiisha utajuaje, anakutazama. Ukimuuliza kwa nini asiachie pedali skrubu ikiwa wazi, hajui kama ndivyo hewa inavyorudi ndani. Kitabu chake cha mafunzo kimeandikwa "breki", na saini ipo! Kijana huyo ameibiwa, na atakayepanda gari atakalolitengeneza yuko hatarini.

Kwa hiyo mweke chini ya gari, wewe ukanyage. Kitabu kitie saini kila Ijumaa, kwa kazi aliyoifanya kwa mikono yake mbele ya macho yako. Kuna vitabu nimeviona saini zote zimetiwa siku moja, kalamu moja, kurasa zote. Usikubali kuombwa hivyo, hata na chuo.

Kabla ya kuanza, mwambie mratibu alete mkataba wa maandishi kati yako, chuo na kijana. Soma siku na saa zake. Soma nani anatoa nauli na chakula, nani anatoa buti na ovaroli, na zaidi ya yote, akibanwa mkono na jeki nani anagharamia matibabu. Likijibiwa kwa mdomo tu, usimpokee mpaka liandikwe.

Wateja? Wengine wataondoka naye, ni kweli. Na wewe ulimwacha fundi wako ukafungua Tandika. Saidia fundi uliye naye leo anaweza kukufanyia hivyo bila mkataba wowote.

Suala la cheti umeliuliza vizuri kuliko wenzako wote. Mfumo huu wa chuo na kazini VETA imeufanyia kazi pamoja na Wajerumani. Kwao mwanagenzi hukaa kazini siku tatu au nne za wiki na shuleni moja au mbili, na anayemfundisha kazini sharti awe amethibitishwa kwamba anafaa kufundisha. Ujuzi wako wa mtaani ni ujuzi, ila upimwe. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: unajiandikisha, unapimwa kwa vitendo ukiwa fundi kamili, panapopwaya unaongezewa mafunzo mafupi, kisha unapewa cheti. Mratibu huyohuyo akikuomba nafasi, nawe mwombe akuelekeze pa kujiandikisha, wewe na mafundi wako wote watano.

Nimesema mmoja kwa sababu mafundi sita wenye kazi za kuwahi hawawezi kuwaangalia wageni wawili ipasavyo. Mkabidhi kwa fundi mmoja anayejulikana, yule mwenye subira hata kama si mwepesi kuliko wote, na umwongeze kitu kidogo kwenye malipo yake, maana kazi zake zitachelewa. Miezi mitatu ikipita na kijana anafungua breki peke yake bila kusimamiwa, mpigie mratibu alete wa pili.