Mtengenezaji wa gemu hajibu ripoti zako? Soma hapa kwanza

Msomaji mmoja kaniandikia kwa uchungu: "Kaka, huyu mtengenezaji nimemwandikia mpaka nimechoka, hata asante sijapata. Wewe wanakujibuje?" Akanibandikia na ujumbe wenyewe: "Kontroli zenu mbovu na gemu ina bagi kibao. Rekebisheni."

Ndugu yangu, hata mimi nisingejibu. Bagi ni kasoro ya programu, na zipo za kila namna; mtu aanzie wapi hapo?

Nikupe kisa changu, maana najivunia na sioni haya kusema. Kuna gemu ya mafumbo ya kusukuma masanduku, ukoo uleule wa Sokoban ya Japani ya miaka ya 1980, iliyokuwa ikitengenezwa na mtu mmoja tu. Ngazi mojawapo ina mlango unaofunguka sanduku likikaa juu ya swichi. Nikasukuma, nikabonyeza kitufe cha kurudisha hatua, sanduku likarudi lilikotoka. Mlango ukafunguka hivyohivyo, swichi tupu! Nikapita bila jasho. Nikaanza ngazi upya, nikafanya yaleyale, safari hii mlango ukakaa umefungwa. Wengi hapa huandika "mlango unazingua wakati mwingine" wakaenda kulala. Mimi nilikomaa nao hadi nikaunasa: ukirudisha hatua sanduku likiwa bado linateleza, mlango unafunguka. Ukisubiri litulie kwanza, hakuna tatizo.

Nikaandika hivi, neno kwa neno: "Toleo jipya, kibodi. Ngazi ya mlango mmoja. Sukuma sanduku kulia kuelekea swichi, bonyeza Z kabla halijatulia. Nilitarajia mlango ubaki umefungwa, umefunguka. Ukisubiri litulie haitokei." Basi. Jibu likaja haraka kuliko nilivyozoea, na sasisho lililofuata mlango ukawa na adabu.

Kurudisha hatua kunaonekana kitu kidogo ukiwa mchezaji. PuzzleScript, zana ya kutengenezea gemu za mafumbo iliyotolewa na Stephen Lavelle mwaka 2013, humpa mtengenezaji Z ya kurudisha hatua na R ya kuanza upya bila yeye kuandika chochote. Anayejenga mwenyewe kutoka mwanzo lazima akumbuke kila kilichobadilika: sanduku, mlango, swichi, hata kile ambacho bado kiko njiani. Akisahau kimoja tu, ngazi nzima inavuja. Kwa hiyo ukitaka kuwinda bagi kwenye gemu za namna hii, anzia hapo.

Sasa kontroli, ambako watu hutukana zaidi. "Mbovu" ni hasira yako, haimwambii vidole vyako vilifanya nini. Mwambie: "Nikibonyeza kulia mara mbili kwa haraka, mhusika anapiga hatua moja." Hapo anaelewa mara moja kwamba mbonyezo wa pili unamezwa wakati mhusika bado anatembea, na ataamua mwenyewe kama auweke foleni au aharakishe mwendo. Taja kifaa pia. Kwenye kibodi ya Kifaransa, AZERTY, herufi W, A, S na D, ambazo gemu nyingi hutumia kutembeza mhusika, hazikai pamoja kama kwenye QWERTY, kibodi ya Kiingereza. Gemu ikisoma herufi badala ya mahali pa kitufe, vidole vinajikunja kama vya kaa. Mwenye QWERTY hataliona hilo hata acheze mwaka mzima.

Na tafadhali, kukwama si bagi. Ukishindwa fumbo, sema umekwama wapi na ulidhani nini kingetokea. Hiyo ni habari nzuri kwake, ila isiwe kwenye ripoti moja na mlango.

Nikirudi kwa yule mtengenezaji: alipotoa orodha ya shukrani, jina langu halikuwemo. Alikuwemo jamaa aliyeandika tu kwamba muziki unamliza. Liliniuma, na bado linaniuma nikilifikiria. Lakini nilituma ripoti nyingine juma lilelile, kwa sababu gemu naipenda na mlango wa ngazi ya mbele nao ulikuwa na kasoro yake.

Kwa hiyo wewe uliyeniandikia, acha kumtumia mtu hasira zako. Rudi kwenye gemu, ifanye bagi itokee tena mbele ya macho yako, rekodi skrini sekunde chache, ambatisha na faili la mahali ulipohifadhi mchezo. Kila bagi ujumbe wake. Kisha mwache afanye kazi. Usimuulize kesho yake amefikia wapi.