Picha za slasha: macho yako yawe kwenye kona ya skrini

Kila nikimwalika mtu kuangalia picha za slasha, zile za muuaji anayewawinda watu mmoja mmoja mpaka abaki wa mwisho, swali lake la kwanza ni hilo hilo: "Ina damu nyingi?" Wengine wanauliza kwa hofu, wengine kwa hamu. Wote nawaambia kitu kimoja: picha zilizojenga aina hii ya sinema zina damu kidogo kuliko wanavyodhani, na anayekwenda kutafuta damu atapitwa na utamu wenyewe. Nimeziangalia kwa miaka mingi, peke yangu na pamoja na marafiki sebuleni kwangu, na ushauri wangu kwa anayeanza ni aache kutazama kisu, atazame mahali ambapo kisu kinaweza kutokea. Mlango ulioachwa wazi. Dirisha lisilo na pazia. Giza nyuma ya bega la msichana.

Anza na Halloween ya John Carpenter, ya mwaka 1978. Siyo ya kwanza kutengenezwa, lakini hakuna inayozoesha macho kama hiyo. Karibu na mwisho, Laurie, anayeigizwa na Jamie Lee Curtis, ameshakuta maiti za wenzake ghorofani. Anatoka chumbani akilia, anaegemea ukuta. Kando yake kuna mlango, na ndani ya mlango ni giza tupu. Hakuna kinachotembea. Kisha, pole pole, ndani ya lile giza unaanza kuonekana uso mweupe. Haurukii mbele wala hautoi sauti. Unajitokeza tu, kana kwamba macho yako mwenyewe ndiyo yanayozoea giza. Mpiga picha, Dean Cundey, aliweka taa ndogo pale, akawa anaiongeza mwanga kidogo kidogo. Basi. Hakuna kingine kilichofanyika.

Ninapoonyesha sehemu hiyo sisemi neno. Filamu ikiisha ndipo nauliza: "Ulimwona lini?" Majibu hayafanani. Kuna aliyemwona mapema akabana pumzi, kuna ambaye hakuona lolote mpaka kisu kilipoinuliwa, na kuna anayebisha kabisa kwamba pale mlangoni hapakuwa na mtu. Tunarudisha nyuma, tunaangalia tena. Mjadala umeshaanza, na hakuna aliyeulizwa kama picha ni nzuri au mbaya. Swali la "umeionaje?" linaua mazungumzo. Mtu atasema kali, au ya kawaida, kisha anachukua simu yake. Uliza jambo ambalo jibu lake limo ndani ya picha: ulijua saa ngapi kwamba yuko ndani ya nyumba? Nani alikuwa na nafasi ya kutoka, na kwa nini hakutoka? Kamera ilikuwa imesimama wapi?

Inasaidia pia kujua picha ilitengenezwaje. Carpenter na Debra Hill, mwandishi mwenzake na mtayarishaji, walikuwa na dola 300,000 hivi, fedha kidogo sana kwa sinema ya Marekani. Barakoa ya muuaji waliinunua dukani kwa chini ya dola 2. Ilikuwa sura ya Captain Kirk wa Star Trek. Wakaipaka rangi nyeupe, wakapanua matundu ya macho. Hadithi inatokea Oktoba huko Illinois, majani yakiwa yamekauka, lakini wao walipiga California wakati miti imechipua. Ikabidi majani yapakwe rangi, yamwagwe barabarani, kisha yaokotwe ili yatumike tena kwenye sehemu inayofuata. Nikisimulia haya, wale rafiki zangu wanaopiga video fupi kwa simu ndio wanaokaa vizuri kwenye kochi. Wanaelewa mara moja kwa nini Carpenter alilitegemea sana giza: halikumgharimu kitu.

Suala la sauti nalichukulia kwa uzito mkubwa. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tulizoea picha yenye mtafsiri juu yake, anayeeleza kila kinachotokea, anayemtukana adui kwa niaba yetu na kutuandaa kabla mshtuko haujafika. Ule ni ufundi wa aina yake na mpaka leo naupenda, kwa picha za mapigano hasa. Slasha lakini inaishi kwenye kimya. Kimya kikijazwa maneno, imekwisha. Kwa hiyo tafuta nakala yenye sauti yake ya asili, na kama lugha inakupa shida weka maandishi chini. Zima pangaboi ikiwa joto linavumilika. Kama una spika, iweke nyuma ya watu, siyo chini ya televisheni. Na aliyekwisha kuiona picha asimwage mchele. Hata kile kicheko cha "subiri uone" kinaharibu.

Carpenter mwenyewe amesimulia kwamba alipomwonyesha mkuu mmoja wa kampuni ya filamu nakala isiyo na muziki, yule mtu hakuogopa hata kidogo. Ndipo akatunga ule muziki wa kinanda unaojulikana dunia nzima, kwa mapigo matano ambayo baba yake alimfundisha utotoni kwa ngoma za bongo. Jaribu hili na wenzako: mkimaliza filamu, rudieni dakika chache za kufukuzana mkiwa mmezima sauti kabisa. Mtamwona mtu mwenye barakoa akivuka barabara. Rudisheni sauti, na vinyweleo vinasimama.

Baada ya Halloween ndipo nawarudisha watu nyuma, kwenye Psycho ya Alfred Hitchcock ya 1960. Kibandani tulikuwa na sheria moja ambayo hakuna mtoto aliyehitaji kuambiwa: steringi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa mtoni, lakini hafi. Hitchcock alimchukua Janet Leigh, nyota mkubwa kuliko wote katika filamu ile, akatufanya tumfuate na fedha alizoiba, tumwonee huruma, tuwe upande wake, halafu kabla hata nusu ya picha haijafika akamuua bafuni. Sehemu ile ina urefu wa kama sekunde 45 na iliwachukua wiki nzima kuipiga. Damu ilikuwa sharubati ya chokoleti, kwa kuwa filamu ni ya rangi nyeusi na nyeupe. Hitchcock alisisitiza majumba ya sinema yasimruhusu mtu kuingia picha ikishaanza, maana anayechelewa angekaa akimsubiri Janet Leigh ambaye hatokei tena. Siri kubwa ya filamu siyo hiyo, na ile nyingine siitaji. Ila waambie wenzako mwishoni kwamba Jamie Lee Curtis wa Halloween ni binti wa Janet Leigh. Mama aliuawa bafuni, na miaka 18 baadaye binti akawa yule anayebaki hai. Carpenter alilijua hilo alipomchagua, na hata jina la daktari wa Halloween, Sam Loomis, limetoka kwenye Psycho.

Ya tatu ni The Texas Chain Saw Massacre ya Tobe Hooper, ya 1974, na hapa namtaka kila mtu ajiandae kweli. Mwambie mgeni wako mapema ni picha ya namna gani, na asiyetaka asilazimishwe wala asichekwe. Watoto wawe wamelala, na wawe chumba cha mbali. Hii si picha ya mizaha. Ilipigwa Texas katika joto kali la kiangazi cha 1973, na lile joto unalihisi: jasho, nzi, mifupa, mlango wa chuma unaofungwa kwa kishindo.

Kuna pale msichana mmoja anabebwa na muuaji wa picha hii, mtu wa msumeno wa injini mwenye barakoa ya ngozi, na kutundikwa kwenye kulabu la kuning'inizia nyama. Nimekaa na watu wazima, wenye akili zao timamu, wakiapa kwamba waliliona kulabu likiingia mgongoni. Tulirudisha. Halionekani. Unachoona ni msichana akiinuliwa, uso wake, mikono yake ikikamata juu, na beseni chini yake. Lile beseni ndilo linalofanya kazi yote, kwa sababu kila aliyewahi kusimama buchani anajua beseni ni la nini. Hooper alipunguza damu makusudi akitumaini filamu ingepewa daraja jepesi la umri. Hakulipata, kwa kuwa wakaguzi nao "waliona" yale ambayo hayakuonyeshwa. Jioni ile tulizungumza mpaka usiku wa manane kuhusu jambo hilo moja.

Jambo lisilopaswa kukwepwa ni la wasichana. Mara zote kuna dada atakayeuliza kwa nini wanaokufa vibaya ni wanawake, na hasa walio na wapenzi. Ni swali la haki, msilizime kwa "ni sinema tu." Carol Clover, aliyekuwa profesa wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliandika kulihusu katika kitabu chake cha 1992, na yeye ndiye aliyemwita yule anayebaki hai "msichana wa mwisho." Hoja yake naipenda: picha inaweza kuanza ikiwa ndani ya macho ya muuaji, lakini inamalizika ikiwa ndani ya macho ya msichana, na kijana wa kiume aliyelipia tiketi anajikuta anaogopa, anakimbia na kupigana akiwa yeye. Halloween inaanza hivyo hivyo. Dakika za mwanzo tunatembea na muuaji, tunaona anachoona, mpaka barakoa inavuliwa na tunaona ni mtoto wa miaka 6. Mimi nakubaliana na Clover kwa Halloween na Texas. Kwa lile rundo la picha za kuigiza hizi za miaka ya 1980, hapana. Nyingi zinafurahia kifo cha msichana na kumsahau papo hapo, na nimeacha kuzionyesha nyumbani kwangu.

A Nightmare on Elm Street ya Wes Craven, ya 1984, huwa naitarajia kwa hamu, kwa sababu hapo wenzangu wanageuka kuwa wasimulizi. Kwa kisu na msumeno wa injini wanasema ni mambo ya Wamarekani. Ila adui anayekuja usingizini hahitaji kutafsiriwa kwa mtu aliyewahi kukabwa na jinamizi, akaamka anaona chumba chote lakini hawezi kuinua hata kidole. Mmoja wetu hulala ubavu mpaka leo kwa sababu bibi yake alimkataza kulala chali. Craven naye alitoa wazo lake kwenye habari za gazeti: wakimbizi kutoka Kusini-Mashariki mwa Asia, waliokimbia vita na kupata hifadhi Marekani, baadhi yao wanaume vijana kabisa, walikuwa wakifa usingizini baada ya ndoto mbaya. Waambie wenzako habari hiyo filamu ikishaisha, kisha nyamaza usikilize.

Friday the 13th ya 1980 ipite haraka, lakini usiiruke. Wengi wanaamini wanajua muuaji wake ni nani, na ile barakoa ya mlinda lango wa hoki wanayoikumbuka haikuonekana mpaka filamu ya tatu, mwaka 1982. Ukiwa umeiona, utaelewa kwa nini swali moja la simu mwanzoni mwa Scream, ya 1996, linamgharimu mtu maisha. Scream iwe ya mwisho. Wahusika wake wanazijua hizi picha zote kama wewe, na asiyezijua atacheka nusu tu.

Kwa asiye na hela ya kulipia huduma za sinema, ipo Night of the Living Dead ya George Romero, ya 1968. Siyo slasha, ni ya wafu wanaotembea, ila inakaa nyumba moja na hizi. Wasambazaji walibadilisha jina la filamu na tangazo la hakimiliki likaachwa nje, kwa hiyo ni mali ya umma na unaweza kuipakua bila kuiba. Steringi wake, Duane Jones, ni Mweusi, jambo lililokuwa nadra mno wakati ule. Waache wenzako waongee kwanza kuhusu mwisho wake. Halafu wakumbushe kwamba ilitoka Oktoba 1968, na Martin Luther King alipigwa risasi Aprili mwaka huo huo.

Mwendelezo wa hizi picha, yaani za pili, za tano na za nane, kwangu ni za kuruka. Muda huo upeleke Italia, kwa Mario Bava na Dario Argento, waliokuwa wakifanya mambo haya kwa rangi na muziki kabla ya Carpenter. Deep Red ya Argento, ya 1975, ndiyo ya kuanza nayo. Mapema kabisa kuna mwanamume anakimbilia kwenye fleti kumwokoa mwanamke, akipita kwenye ujia wenye picha nyingi ukutani. Hapo usipepese.