Kuridhika kazini: sampuli ya wangapi, na kwa nini 4.6 haiaminiki

Umeuliza uchukue sampuli ya wangapi kati ya wafanyakazi 120, na kwa nini dodoso la mwaka jana lilitoa wastani wa 4.6 kati ya 5 huku watu wakiacha kazi.

Sampuli ni jambo jepesi. Fomula ya Yamane ya kukadiria ukubwa wa sampuli, kwa kosa la makadirio la 5%, ni 120 ÷ (1 + 120 × 0.0025), ambapo 0.0025 ni 0.05 × 0.05; jibu ni 92.3, yaani watu 93. Ukishafikia hapo, waulize wote tu.

Shida iko kwenye fomu. Inadai idara, jinsia, umri na miaka kazini. Katika idara ya watu wanne hayo ni sawa na kuandika jina, na nani atamponda bosi kwa jina lake? Bakiza idara pekee, na usitoe matokeo ya kundi lenye majibu chini ya 5. Fomu ziingie kwenye sanduku lililofungwa, zisipitie kwa meneja.

Swali la "Unaridhika na mshahara na msimamizi wako?" ni maswali mawili, ligawe. Au tumia dodoso la kuridhika kazini la Spector la 1985 (Job Satisfaction Survey): sentensi 36, nyanja 9, mizani ya 1 hadi 6. Sentensi hasi, zile zinazolalamikia kazi, zigeuze alama kabla ya kujumlisha (7 kutoa alama aliyoweka), la sivyo zitafuta zile chanya.

Walioondoka, kumbuka, hawamo kwenye 4.6 yako. Ongeza swali la nia ya kuacha kazi ndani ya miezi 12, kisha usome mgawanyo wa majibu kwa idara, si wastani peke yake.